Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Kabla bati halijapanda, wapeni watoto mahali pa kutulia

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Kupitia: Afisa Elimu, Elimu ya Awali na Msingi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAHALI PA UTULIVU KATIKA SHULE YETU YA MSINGI, NA MAREKEBISHO YANAYOTAKIWA KABLA YA KUEZEKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wazazi, walimu wa kitengo cha elimu maalumu na mafundi ujenzi wa kata hii. Jambo hili hatukulianzia hadharani. Barua ya kwanza ilikwenda kwa Kamati ya Shule, ya pili kwa Afisa Elimu Kata, ya tatu ikapokelewa masjala ya ofisi yako na kugongwa muhuri. Jibu tulilopata ni la mdomo: "Lipo kwenye mchakato." Wakati mchakato ukiendelea, boma la madarasa mawili na ofisi limefika lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), mbao za kenchi za kubebea paa zimeshashushwa, na ile stoo ya zamani imepakwa rangi ya bluu na kuandikwa mlangoni CHUMBA CHA UTULIVU. Bati likishapanda, sehemu kubwa ya makosa tunayoyataja humu itasahihishwa kwa kubomoa. Ndiyo maana tumeamua kusema mbele ya watu wote.

Utulivu shuleni hauletwi na mwalimu kupaza sauti "Nyamazeni!" Unajengwa, kama choo kinavyojengwa: mahali pake huchaguliwa, kuta zake hupimwa, mlango wake huangaliwa, na mwenye kushika ufunguo hujulikana. Anayeuhitaji si mtoto mwenye usonji peke yake. Yupo mwenye kifafa aliyetoka kuanguka na anatakiwa alale nusu saa. Yupo anayevaa shimesikio, kifaa ambacho hukuza sauti ya mwalimu na kukuza vilevile sauti ya dawati linaloburutwa. Yupo aliyefiwa juzi. Wapo wa darasa la saba wanaotaka kusoma bila kusukumana. Na yupo mwalimu mwenyewe, anayemaliza wiki sauti ikiwa imekauka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Stoo iliyoteuliwa haifai, na rangi haitaifanya ifae

Stoo hiyo ina mita 4 kwa 3. Upande mmoja inapakana na jiko, upande wa pili na vyoo vya wavulana, na dirisha lake la pekee linatazama uwanja wa paredi. Hatua chache kutoka mlangoni, kama mita 6, ndipo ilipo kengele ya shule: rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, inayogongwa kwa kipande cha nondo. Kwa kuwa shule ina mikondo miwili, asubuhi na mchana, rimu hiyo hulia zaidi ya mara kumi kwa siku. Mtoto aliyepelekwa pale kwa sababu kelele zimemzidi anakutana na chuma kikigongwa karibu na sikio lake. Hapo bado moshi wa kuni na harufu ya vyoo, ambavyo kwa mtoto mwenye hisia kali ni kelele nyingine inayopitia puani.

Kuhusu kengele, dawa haina gharama. Sauti inayotoka mahali pamoja, hewani pasipo ukuta, hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ikihamishwa kutoka mita 6 hadi mita 48, yaani kule kwenye lango la kuingilia, umbali umeongezeka mara mbili, mara tatu mfululizo, na desibeli kama 18 zimeondoka. Sikio la kawaida huhesabu kila desibeli 10 zinazopungua kuwa ni nusu ya ukali. Nondo nayo ibadilishwe kwa nyundo ya mbao, ule mlio wa kuchoma upotee ubaki wa kuita. Kengele itasikika tu; rimu ya lori husikika mpaka mtaa wa pili.

Mahali pa utulivu hapachaguliwi ofisini kwa kuangalia chumba kipi kiko wazi. Hutafutwa kwa miguu. Kwa siku tano za shule, mtu akae dakika kumi katika kila sehemu inayofikiriwa, wakati wa usafi na paredi, wakati wa mapumziko ya saa nne, wakati mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia (hapo ndipo penye kelele kuliko saa zote), na alasiri. Aandike anachosikia, anachonusa na jua linakopiga. Programu ya bure ya kupima sauti kwenye simu haitoi kipimo cha kimaabara, lakini simu ileile ikitumika kila mahali, inaonyesha palipo afadhali. Sisi kazi hiyo tumeifanya na karatasi zake zilikuwa kiambatisho cha barua ya tatu. Chumba cha mwisho cha jengo la zamani, upande wa miti, ambacho sasa kimejaa madawati mabovu, ndicho kilichotoka vizuri kila siku na kila saa. Nacho kina mita 4 kwa 3.

2. Boma linataka kuezekwa huku kuta za ndani zikiishia kwenye lenta

Hili ndilo la haraka kuliko yote, nasi tunaliwekea mkazo.

Madarasa mapya yametenganishwa na ofisi kwa kuta mbili, kila moja ikiwa na upana wa mita 7. Kwa namna boma lilivyo, kuta hizo zitaishia kwenye lenta, kenchi zitapanda juu yake, na dari halimo kwenye orodha ya vifaa. Maana yake juu ya kila ukuta litabaki pengo la pembetatu lenye mita za mraba 6 hivi, kutoka lenta hadi bati. Sauti haitahangaika na tofali. Itapanda, itagonga bati, itashuka darasa la upande wa pili. Watoto wa darasa hili watajifunza kuhesabu kwa sauti ya mwalimu wa darasa lile.

Wengi hudhani ukuta ukizuia sehemu kubwa, kelele nayo imezuiwa sehemu kubwa. Sivyo. Uwazi wa asilimia moja tu katika eneo la ukuta unatosha kuufanya ukuta huo usizuie zaidi ya desibeli 20 hivi, hata uwe mnene kama wa ngome. Pengo letu si asilimia moja, ni zaidi ya asilimia 20.

Kuziba pengo moja kunataka tofali za inchi 6 zipatazo 65, ukihesabu na za kuvunjika, pamoja na saruji mifuko 3 au 4 kwa kujengea na kupiga plasta pande zote mbili. Kwa kuta mbili ni tofali 130 na mifuko isiyozidi 8. Kazi hii fundi mmoja na vibarua wawili wanaimaliza kwa siku chache kama bati halijapanda. Likishapanda, fundi atajenga akiwa ameinama chini ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, hawezi kukandamiza udongo kwenye kozi ya mwisho, na ataacha upenyo wa vidole viwili ambao hakuna atakayeurudia. Palipo na mbao ya kenchi, tofali likatwe lifuate umbo lake na upenyo uzibwe kwa saruji, na mbao ipakwe kwanza dawa ya mchwa.

Baada ya kuta, dari. Bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya papi ni ngoma. Masika yanapoanza, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikishika kasi mwalimu huweka chaki chini kwa sababu dawati la pili halimsikii. Jipsamu hupunguza ngurumo hiyo na hupunguza joto pia. Karatasi moja ya jipsamu ni mita 1.2 kwa 2.4, chumba cha kutulia cha mita 4 kwa 3 kinahitaji karatasi 5, na tunashauri zipigwe tabaka mbili, karatasi 10, maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Tafadhali fundi asishawishiwe kujaza makumbi au magunia juu ya dari ili "kuzuia sauti". Panya watahamia humo, mchwa watafuata, na siku waya wa umeme ukileta cheche, moto utatembea kichwani mwa watoto.

Kuna mtu atauliza: mkiziba kila tundu, watoto si wataiva kwa joto? Swali zuri. Hewa lazima ipite, ila ipite upande tulivu. Madirisha makubwa na matofali ya matundu yawe upande wa miti, kwenye kuta mbili tofauti ikiwezekana, ili upepo wa kusi na wa kaskazi upate pa kuingilia na pa kutokea. Upande wa uwanja na barabara usiwe na tundu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilishauri kelele za pembeni darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa somo na mwangwi usizidi sekunde 0.6 hivi. Hatudai kwamba shule yetu iliyo kando ya barabara ya bodaboda itafika 35. Tunadai isijengwe kwa namna inayohakikisha haitakaribia.

3. Ndani ya chumba: vigae, trei za mayai na mambo mengine yanayoharibu

Tumesikia kuna mfadhili aliyejitolea vigae vya sakafuni na ukutani. Tunamshukuru, na tunaomba vipelekwe vyooni, vinakohitajika kweli. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye plasta, saruji na vigae hubaki na mwangwi wa zaidi ya sekunde 2. Mtoto akilia humo, kilio chake kinamrudia. Ili ufike sekunde 0.6 katika chumba cha kimo cha mita 2.8, hesabu inataka mita za mraba 9 za kitu kinachomeza sauti yote. Vitu vya kawaida humeza nusu yake au zaidi kidogo, kwa hiyo andaeni mita za mraba 15 hadi 18.

Zinapatikana hivi. Sakafuni, mkeka mnene na magodoro mawili ya kukalia, yenye foronya ya ngozi bandia inayofutika kwa kitambaa. Dirishani, pazia zito lenye mikunjo, upana wake mara mbili ya dirisha. Kanga au kitenge kimoja kilichonyooshwa hakizuii kitu. Ukutani, fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, vipande 10, kila moja ikijazwa blanketi zito la sufu lililokunjwa hadi unene wa sentimita 5 na kuvikwa kitambaa, kisha itundikwe ikiwa imeachana na ukuta kwa sentimita 5. Ile nafasi ya nyuma si mapambo: huongeza uwezo wa kumeza sauti nzito. Fremu ziwe za kutunguka, zifunguliwe na kufuliwa kila muhula, maana vumbi litamfukuza mtoto mwenye pumu.

Trei za mayai tulizoona zimeanza kukusanywa zitupwe. Ni nyepesi mno, hazizuii kelele ya nje hata kidogo, na zinashika moto kama karatasi. Sponji tupu nayo isibandikwe ukutani. Moshi wake ni sumu.

Rangi iwe hafifu isiyong'aa, kijani cha majani makavu au maziwa. Darasa linaloongea, lenye chati na picha kila ukuta, ni jambo jema darasani. Hapa ukuta unyamaze. Taa ya tyubu inayovuma na kupepesa iondolewe, na pangaboi likilalamika liwekwe grisi au lizimwe. Mtoto mwenye ualbino akikalishwa akitazama dirisha lenye jua, mwanga utamuumiza. Viti vitazame ukuta, mwanga uje kutoka ubavuni.

4. Mlango na ufunguo

Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2, ukiachiwa uwazi wa sentimita 2 chini, tayari umetimiza ile asilimia moja tuliyoitaja. Mninga wote utakuwa umepotea bure. Msiweke kizingiti kirefu, kwa sababu baiskeli ya magurudumu lazima ipite. Pigilieni ukanda wa mpira wa tyubu ya gari chini ya ubao wa mlango, uguse sakafu kidogo, na ukanda mwembamba kuzunguka miimo.

Nyumba za kale za Lamu zilijua jambo hili. Mtu hakuingia moja kwa moja. Alipita daka, yaani baraza la mlangoni, akakata kona kwenye tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, ndipo akafika uani. Kona hiyo ilizuia macho, na inapunguza sauti pia. Ukuta mfupi wa mita 1.5 mbele ya mlango wetu, unaomlazimisha anayeingia kukata kona, utafanya kazi hiyohiyo. Uachwe upenyo wa kutosha kwa magurudumu, mita 1.5 kwenye kona.

Sasa linalotuogopesha. Mlango wa stoo iliyopakwa rangi una komeo kwa nje. Chumba chenye komeo la nje ni mahabusu. Mtoto mmoja akifungiwa humo kwa utundu, siku hiyohiyo watoto wote wataelewa chumba kile ni cha nini, na yule anayekihitaji atakikimbia. Komeo liondolewe leo. Mlango ufunguke kwa nje, uwe na kioo kwenye kimo cha mita 1.2 ili mtu mzima aone ndani wakati wote. Ufunguo ashike mwalimu wa malezi na unasihi, na kila mkondo uwe na wake. Kuwe na daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwepo. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mtoto akihitaji kila siku zaidi ya hapo, tatizo liko darasani kwake, likatafutwe huko. Mtoto asiyeweza kusema apewe kadi ya kuonyesha. Dawati la ulinzi na usalama wa mtoto likague daftari hilo kila mwezi.

Na chumba kisiguswe kwa kazi nyingine. Vyumba vya namna hii havifi kwa kubomoka. Vinakufa dawati bovu la kwanza linapowekwa humo "kwa muda".

5. Fremu za biashara kwenye kona ya miarobaini

Kona ya kaskazini-mashariki ina miarobaini mitatu mikubwa, na ndiyo sehemu pekee ya nje ambako mtu anasikia majani. Tumeona vigingi vya fremu za biashara vimepigwa hapo. Shule inahitaji mapato, hatubishi. Lakini fremu zikielekezwa upande wa barabara kuu, ambako kelele zipo tayari, shule itapata kodi na pia itapata ukuta: jengo lisilo na tundu upande wa nyuma huzuia bodaboda kuliko uzio wowote wa michongoma, ambao huficha macho tu. Mikataba iseme wazi kwamba hakuna spika nje, hakuna kuchomelea vyuma, hakuna mashine ya kusaga.

Kona yenyewe inataka kidogo. Mabenchi sita ya watu wawiliwawili, matatu ya kimo cha sentimita 30 kwa wadogo na matatu ya sentimita 40, yakiegemea ukuta wa tofali wa mita 1.5, kwa sababu mtoto mwenye hofu hapendi mgongo wake ubaki wazi. Yasipangwe duara, duara ni mkutano. Chini iwe mchanga au nyasi, si kokoto, kwani kokoto hulia na hurushwa. Msipande mwembe wala mkungu. Msimu wa matunda ukifika, mawe yatapita juu ya vichwa.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa fedha hakuna. Kuhamisha kengele, kung'oa komeo, kuhamisha vigingi na kutoa madawati mabovu hakugharimu tofali hata moja. Kwa tofali 130, wazazi wako tayari kuchangia nguvu zao; wanachosubiri ni kibali cha maandishi.

Tutaambiwa ramani ni ya TAMISEMI na haibadilishwi. Kuinua ukuta wa ndani hadi bati hakugusi msingi, vipimo vya darasa wala paa. Mhandisi wa halmashauri anaweza kuliamua akiwa amesimama hapohapo kwenye boma.

Tutaambiwa watoto wa kitengo ni wachache. Kelele hazichagui kitengo. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016, darasa lililokusudiwa watoto 45 limekuwa likibeba zaidi ya 100, na mtoto mdogo huhitaji sauti ya mwalimu izidi kelele kwa kiasi kikubwa kuliko anavyohitaji mtu mzima, kwa sababu bado hana maneno ya kutosha kichwani ya kujazia yale aliyoyakosa. Kwa sababu hiyohiyo hatukubali lile jibu la "watazoea". Mtoto anayeonekana amezoea mara nyingi ameacha kusikiliza.

Na kama ni suala la wajibu, tunakumbusha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira.

Tunachoomba

a) Kazi ya kuezeka isimame hadi kuta mbili za ndani ziinuliwe kufikia mstari wa bati, na dari liingizwe kwenye orodha ya vifaa. Mhandisi afike ndani ya siku 7.

b) Komeo la nje la stoo liondolewe na kengele ihamishiwe langoni ndani ya siku 3.

c) Chumba cha mwisho cha jengo la zamani kitolewe madawati na kitengwe rasmi, kwa kumbukumbu ya kikao cha Kamati ya Shule, kuwa chumba cha kutulia. Stoo irudi kuwa stoo.

d) Vigingi vya fremu za biashara viondolewe kwenye kona ya miarobaini na kuhamishiwa upande wa barabara kuu, na hakuna mti utakaokatwa.

e) Tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, likitaja kila kipengele kwa namba yake.

Karatasi za vipimo vya siku tano, mchoro wa fremu za ukutani na orodha ya vifaa tumeziacha tena masjala. Mafundi wetu wanapatikana kwenye eneo la ujenzi kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wazazi, walimu wa kitengo cha elimu maalumu na mafundi ujenzi wa kata

Nakala:
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mdhibiti Mkuu Ubora wa Shule wa Wilaya
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule
Mwalimu Mkuu